Mzigo Umefika, Hesabu Haijatimia

Swali hili nimeulizwa na wenye maduka, na mafundi cherehani, na mama mmoja mfugaji wa kuku wa mayai, tena karibu kwa maneno yaleyale: nimeagiza, nimelipa, mzigo umefika pungufu, nianzie wapi? Anayeuliza huwa ameshampigia muuzaji simu kwa hasira, wamerushiana maneno, na mmoja wao amekata. Hapo kazi imekuwa ngumu mara mbili, kwa sababu sasa kuna upungufu na kuna ugomvi, na ugomvi ndio utakaokumbukwa.

Rungwe Mpya swali hili lina uzito wa pekee. Kata hii iko Wilaya ya Kasulu, nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Mzigo ukitoka Kariakoo kwa basi hupita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kakonko na Kibondo kabla ya kushushwa Kasulu mjini, kisha humalizia safari kwenye bodaboda. Hesabu mikono iliyougusa: aliyefunga dukani, aliyeupeleka stendi, karani wa basi, kondakta, aliyeushusha Kasulu, kijana wa bodaboda. Fundi cherehani akifungua mfuko wa vifungo akakuta 131 badala ya 144, amtaje nani?

Kosa la kwanza ni kumtaja mtu kabla ya kujua. Sura hii inaeleza namna ya kujua.

Mlikubaliana hesabu gani?

Kabla ya kusema umepunjwa, tazama ulichoagiza. Maneno tunayotumia kuhesabia bidhaa hayana maana moja kwa kila mtu. Dazani ni 12, hapo hakuna ubishi. Grosi ni dazani 12, yaani vipande 144, lakini wapo wauzaji vijana wanaoita mfuko wowote wa vifungo "grosi", hata ukiwa na 100. Korja, neno la zamani la wafanyabiashara wa pwani, ni vipande 20, na siku hizi wengi hulisikia kwa wazee tu. Rimu ya karatasi leo ni karatasi 500, ingawa zamani rimu ya 480 ilikuwa ya kawaida. Ukisema "nitumie bunda mbili", wewe una picha ya bunda kichwani, naye ana yake.

Katika nchi hii ya Kigoma jambo hilo si geni. Karne ya 19, soko la Ujiji lilitumia shanga kama pesa, zile zilizoitwa sofi. Shanga zilitungwa kwenye nyuzi. Uzi mmoja uliitwa khete, na khete kumi zilifanya fundo. Ulipopokea fundo lenye nyuzi tisa ulikuwa umepokea pesa pungufu, sawa na leo kupewa noti tisa ukaambiwa ni kumi. Kuhesabu mbele ya aliyekupa lilikuwa jambo la lazima, wala si la kuoneana aibu. Sijui ni lini tulianza kuona haya kuhesabu mbele ya mtu, lakini haya hiyo inatugharimu.

Kuna neno jingine la kuangalia kwenye kifungashio: "wastani". Kisanduku cha kiberiti kilichoandikwa "wastani wa njiti 40" hakikuahidi njiti 40 katika kila kisanduku. Kimeahidi kwamba ukifungua visanduku vingi, ukajumlisha njiti zote na kuzigawanya kwa idadi ya visanduku, utapata kama 40. Kimoja kinaweza kuwa na 38 na jirani yake 42. Anayelalamikia kisanduku kimoja chenye 38 hana hoja. Mwenye katoni nzima ambayo visanduku vyake vyote vina 36 anayo.

Kwa hiyo agizo liandikwe kwa vipande. Badala ya "grosi 5", andika "vifungo 720, grosi 5 za 144". Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Naye akijibu "sawa", hilo "sawa" lihifadhi.

Vifaranga 93

Niliagiza vifaranga 100 vya kuku wa mayai kutoka kwa mtotoleshaji wa mkoa mwingine. Boksi lilinifikia magharibi, mvua ikinyesha. Nilimlipa kijana wa bodaboda, nikatia sahihi kwenye karatasi yake bila kuisoma, nikaliingiza boksi ndani penye joto. Baada ya chakula cha usiku ndipo nilipovihesabu kwa mwanga wa tochi. Vilivyo hai vilikuwa 93. Vilivyokufa vilikuwa viwili.

Nilipiga simu asubuhi. Yule bwana hakugomba, wala hakunidharau. Aliniuliza jambo moja tu: "Mzee, wakati unahesabu ulikuwa na nani?" Sikuwa na mtu. Akaniambia kwa upole kwamba yeye aliweka 102 mbele ya watu wawili, na kwamba hana njia ya kujua kilichotokea kati ya stendi na banda langu. Nilikasirika siku nzima. Jioni nilikubali kwamba swali lake lilikuwa la haki, na kwamba mimi mwenyewe nisingemrudishia mtu pesa kwa maelezo kama yangu.

Kuna mambo mawili ambayo sikuyajua wakati ule. La kwanza ni hilo la 102. Watotoleshaji wengi huongeza vifaranga viwili katika kila mia, kufidia vile vitakavyokufa njiani. Ni desturi yenye ndugu zake wa mbali: Uingereza, sheria ya mikate inayotajwa kuwa ya mwaka 1266 iliwaadhibu waokaji waliouza mkate pungufu, na inasemekana ndiyo sababu waokaji wakaanza kuweka mikate 13 kwa mnunuzi wa dazani, wasije wakashikwa. Basi kwangu upungufu halisi haukuwa vitano. Vifaranga 95, vizima na vilivyokufa, kutoka katika 102, ni upungufu wa saba.

La pili ni boksi lenyewe. Boksi la kawaida la vifaranga 100 lina vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25. Huhitaji kumwaga vifaranga vyote chini uanze kuvikimbiza. Unafungua kifuniko, unahesabu chumba kimoja kimoja, na chumba chenye 19 kinaonekana hata kabla ya kuhesabu, kwa sababu vifaranga vimetawanyika wakati wenzao wa chumba cha pili wamebanana. Kazi yote haizidi dakika tano. Wala usihofu kwamba dakika hizo zitawaua. Kifaranga huanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, na chakula hicho humwezesha kusafiri hata karibu siku tatu. Baridi na mvua ndizo za kuogopa, kwa hiyo hesabu chini ya paa.

Tangu hapo, boksi langu hufunguliwa stendi ya Kasulu, mbele ya kondakta au mtu wa ofisi ya basi. Mara ya kwanza kondakta alinuna, akadhani namshuku. Nilimwambia: "Kaka, nahesabu ili mtu asije kukusingizia wewe." Akasaidia kushika kifuniko. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa msomaji achukue kutoka sura hii kuliko yote: hesabu inayofanywa mbele ya aliyeleta humlinda aliyeleta. Hesabu ya usiku, peke yako, haimlindi mtu yeyote.

Kwa kifupi: agizo liwe la vipande, si la majina ya mafungu. Hesabu kabla aliyeleta hajaondoka. Vilivyokufa au kuvunjika viandike mbali na vilivyopungua, kwa sababu ni madai mawili tofauti.

Skrubu 500 bila kuzihesabu moja moja

Vifaranga mia unavihesabu. Lakini skrubu 500, au vifungo 720, au shanga elfu kadhaa, huku kijana wa bodaboda amekuwashia pikipiki? Hapo tumia mizani. Wauzaji wengi wa vitu vidogovidogo nao hawahesabu kwa mkono. Hupima, kisha hugeuza uzito kuwa idadi. Huko Marekani wapo watu wanaojaza upya maganda ya risasi kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha, na vifaa vyao huuzwa kwa mamia na maelfu. Kilio chao ni kilekile cha fundi cherehani wa Kasulu, kwamba kifuko kimeandikwa 500 na ndani hazimo 500, na dawa yao ni hiihii ya mizani. Hapa kwetu shughuli hiyo iko chini ya sheria ya silaha na vibali vyake, lakini hesabu haihitaji kibali, ni ya kila mtu.

Fanya hivi. Hesabu skrubu 50 kwa mkono, kwa uangalifu. Zipime kwenye mizani ndogo ya kidijitali, ile ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Tuseme zimetoa gramu 140. Gawanya 140 kwa 50: kila skrubu ni gramu 2.8. Sasa pima skrubu zote bila mfuko wake. Kama ziko 500, mizani inapaswa kusoma gramu 1,400. Ikisoma 1,318, gawanya kwa 2.8 upate 471 hivi. Zimepungua kama 29.

Neno "kama" hapo nimelitia kwa makusudi. Mizani ya gramu moja moja inaweza kukosea gramu moja, na gramu moja katika 140 itakusogeza skrubu tatu hadi nne kwenye jumla ya 500. Kwa hiyo njia hii inaonyesha wazi upungufu wa 29, lakini haiwezi kuthibitisha upungufu wa mbili. Ukitaka kujidanganya, hesabu skrubu 10 tu badala ya 50. Kumi zina gramu 28, na kosa lilelile la gramu moja litageuka kuwa skrubu 18 kwenye jumla. Nimewaona watu wakigombana kwa hesabu ya namna hiyo, kila mmoja na mizani yake, na wote wawili wamekosea.

Mizani ikionyesha upungufu, zimwage zote uzihesabu kwa mkono kabla ya kupiga simu. Mizani imekuonyesha pa kutazama. Ushahidi ni ile hesabu ya mkono.

Uzito wa kule na uzito wa huku

Rudi kwenye mikono sita iliyogusa mzigo. Ipo njia rahisi ya kuigawa mikono hiyo mafungu mawili, nayo inashangaza kwamba wachache huitumia: mwombe muuzaji aupime mzigo uliokwisha kufungwa, aandike kilo juu yake, apige picha akutumie. Wewe ukifika kuuchukua Kasulu, upime tena kabla ya kuufungua.

Uzito ukiwa uleule na ndani vipande vimepungua, upungufu ulitoka dukani. Uzito ukiwa umeshuka, tazama njiani: utepe uliobandikwa mara mbili, kona iliyochanika, kamba iliyofungwa fundo jingine. Kwa njia hiyo unakuwa umeacha kuwashuku watu watano wasio na hatia, au umeacha kumtukana muuzaji asiye na kosa. Mizani za pande mbili zinaweza kutofautiana kidogo, hivyo gramu chache zisikushtue kwenye mzigo wa kilo 12. Nusu kilo ikushtue.

Jambo hili lina upande wa kisheria ambao wanunuzi wengi hawaujui. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, muuzaji anapomkabidhi msafirishaji mzigo ili akuletee, kwa kawaida huhesabiwa kwamba amekwisha kukukabidhi wewe, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa lugha ya stendi: akitoa vipande 720 kamili kwenye ofisi ya basi, vikapotea Nzega, dai lako laweza kuwa juu ya basi, wala si juu yake. Ndiyo maana ile picha ya mzani ina thamani kwa pande zote. Ukiwa na nguvu ya kujadiliana, andika mapema kwamba mzigo ni juu ya muuzaji mpaka ufike Kasulu.

Bahati mbaya au tabia?

Binadamu akihesabu vitu vingi hukosea. Ila kosa la kweli halina upendeleo: leo litakupunguzia vitatu, kesho litakuongezea viwili. Kwa hiyo mzigo mmoja pungufu haukuambii mengi juu ya tabia ya mtu. Daftari ndilo linalosema.

Chukua daftari la kawaida, piga mistari, andika tarehe, ulichoagiza, kilichofika, tofauti. Na vilivyozidi pia andika! Wengi huandika pungufu tu, ndiyo maana daftari lao huwa la malalamiko badala ya kuwa la hesabu. Baada ya mizigo minane, litazame. Pungufu, zaidi, sawa, pungufu, zaidi: huyo ni mtu anayehesabu kwa haraka. Lakini pungufu mara nane mfululizo ni jambo jingine. Rusha sarafu mara nane. Nafasi ya kuangukia upande uleule uliouchagua mara zote nane ni moja kati ya 256. Bado haimaanishi wizi. Pengine mizani yake imeharibika, pengine mfungaji wake mmoja anaamini grosi ni 130. Ila sasa unaweza kusema kwa utulivu kwamba kuna kitu kinachojirudia.

Je, upungufu kiasi gani ni wa kuvumilika? Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, OIML, lililoundwa mwaka 1955, limetoa mwongozo kwa bidhaa zilizofungashwa na kuuzwa kwa idadi. Kifungashio cha vipande 50 au chini yake hakiruhusiwi kupungua hata kimoja. Kikizidi 50, upungufu unaovumilika ni asilimia moja, ukipandishwa hadi namba nzima inayofuata. Grosi ya 144, basi, inaweza kusamehewa viwili. Kumi na tatu havimo katika msamaha wowote.

Nami naongeza la kwangu. Vifungo 13 kwa shilingi 50 kimoja ni shilingi 650. Hakuna mtu atakayepanda bodaboda hadi Kasulu kudai shilingi 650, na mpunjaji wa makusudi anaishi kwa kulijua hilo. Anajua pia kwamba mtu wa mashambani hana desturi ya kubisha. Mkulima wa maharage wa huku amezoeshwa hivyo miaka mingi: debe lililobonyezwa likapanuka, gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba, wakati kanuni zinataka mazao yapimwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Anapouza anatoa zaidi, anaponunua anapokea pungufu. Linaniuma jambo hili, na ndiyo maana nasema hata 650 iandikwe.

Sheria na ofisi

Kanuni ya msingi katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni fupi. Muuzaji akileta pungufu ya mlichokubaliana, mnunuzi anaweza kuukataa mzigo wote. Akiupokea, anavilipia vile alivyopokea kwa bei mliyopatana. Wengi hudhani wana njia moja tu, kupokea na kunung'unika. Lakini ukipokea ukakaa kimya wiki tatu huku ukiuza, umejidhoofisha mwenyewe.

Kuna ofisi mbili za kuzijua. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, husimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Hukagua mizani za biashara, na pia hukagua kama kilichoandikwa kwenye kifungashio ndicho kilichomo, iwe ni uzito, ujazo, urefu au idadi. Wana ofisi katika mikoa, Kigoma ikiwemo. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, hushughulika na muuzaji anayempotosha mlaji. Kote utakakokwenda utaulizwa risiti. Risiti ya mashine ya EFD yenye idadi ya bidhaa ina nguvu kuliko karatasi ya mkono iliyoandikwa "vifungo mbalimbali". Idai siku ya kununua, kwa sababu baada ya ugomvi hutaipata.

Unamwambiaje?

Nenda na vitu hivi mkononi:

- ujumbe wa agizo lenye idadi ya vipande;
- risiti au ujumbe wa malipo ya simu;
- picha ya mzani wa kule na wa huku;
- video fupi ya kufungua mzigo, ikianza utepe ukiwa haujakatwa, bila kukatishwa mpaka mwisho wa kuhesabu;
- jina la aliyeshuhudia.

Kisha andika kabla ya kupiga simu. Sauti ina hasira, maandishi yanaweza kusomwa tena kabla ya kutumwa. Fundi mmoja wa hapa aliniletea ujumbe wake niurekebishe. Ulianza na neno "wezi". Tuliuandika upya hivi:

"Shikamoo mama. Mzigo nimeupokea leo saa nne, ahsante. Niliagiza vifungo 720, vimefika 707. Mfuko mmoja ulikuwa na 131, mingine minne imetimia. Uzito ni uleule ulioandika, utepe haujaguswa. Video nimekutumia. Naomba uniongezee 13 kwenye mzigo ujao, au unipunguzie shilingi 650. Lipi ni rahisi kwako?"

Angalia kilichomo. Kuna salamu ya heshima, kwa kuwa mwenye duka ni mama wa makamo. Kuna kukiri kwamba mifuko minne imetimia, jambo linaloonyesha kuwa mnunuzi amehesabu yote na hakutafuta kosa tu. Kuna idadi na kuna ombi lenye njia mbili, ambazo muuzaji anaweza kuchagua moja bila kwanza kujitetea kwamba si mwizi.

Jibu lilikuja jioni. Yule mama aliandika kwamba mfungaji ni mgeni, na kwamba atavituma. Mzigo uliofuata ulikuwa na kifuko kidogo kimefungwa peke yake, kimeandikwa "deni". Fundi alikifungua palepale stendi, akamwita kondakta aone, akahesabu vifungo 13, kisha akatoa daftari mkobani na kupiga mstari juu ya deni lile.